Mali Bila Daftari: Kuvu ya Mapafu na Kalamu ya Zahanati

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu twaufahamu vema sisi tulio watumishi wa serikali, na ndugu zetu askari waufahamu zaidi, kwani hakuna bunduki itokayo ghalani, wala blanketi, wala lita moja ya mafuta, isipokuwa imeandikwa na kutiwa sahihi. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wafikirio kwamba afya nayo ni mali, na kwamba inalo daftari lake?

Makala ya juma hili yahusu daftari hilo, na hasa jinsi linavyoandikwa pale mtu anapougua mapafu kwa sababu ya kuvu. Jambo hili halizungumzwi sana katika mabaraza yetu, wala katika vikao vya akina mama. Hata hivyo, neno moja lililoandikwa vizuri au vibaya kwenye kadi laweza kumpa mgonjwa dawa yake, au likamfanya ameze kwa miezi mingi dawa ya ugonjwa asio nao.

UKUNGU TUUVUTAO KILA SIKU

Kila mama wa nyumbani amepata kuuona ukungu: ule ubivu wa kijani au mweusi juu ya mkate uliolala, au juu ya mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka. Huo ni kuvu. Kuvu huzaana kwa vijimbegu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo huruka hewani pamoja na vumbi. Sote twavivuta kila siku, na mwili wenye nguvu huviteketeza bila sisi kujua.

Aina moja iitwayo Aspergillus huishi katika majani yaozayo, nyasi kavu, nafaka yenye unyevu na udongo. Jina hilo ilipewa mwaka 1729 na padri wa mjini Florence, Pier Antonio Micheli, ambaye alipoitazama kwa darubini aliona inafanana na kile kifaa cha kunyunyizia maji ya baraka kanisani. Aina ya pili, Histoplasma, hustawi penye mavi ya popo na ya ndege: mapangoni, katika mashimo ya miti mikubwa, na katika majumba yaliyoachwa. Aina ya tatu, Cryptococcus, hupatikana sana penye mavi ya njiwa, nayo hupita mapafuni na mara nyingi huishia katika utando wa ubongo. Ya nne ni Pneumocystis, ambayo huwashambulia zaidi watu ambao kinga ya miili yao imedhoofika, hasa kwa UKIMWI.

Yafaa ifahamike kwamba Aspergillus na Histoplasma haziambukizi kutoka mtu hadi mtu kwa kikohozi. Mgonjwa wa namna hiyo hana haja ya kutengwa, wala sahani yake kuwekwa kando. Basi hapo hapo yaonekana kwamba jina la ugonjwa si jambo la daktari peke yake. Lahusu hata mahali mgonjwa atakapolala na nani atakula naye.

KIKOHOZI KINACHOFANANA NA KINGINE

Tuchukue mfano wa askari aliyepata kifua kikuu, akameza dawa zake zote kwa miezi sita, makohozi yakapimwa na kuonekana safi, akarudi kazini. Baada ya mwaka mmoja na nusu kikohozi chamrudia. Anakonda, anachoka upesi kwenye gwaride, na asubuhi moja aona damu katika makohozi yake. Zahanati iliyo karibu yatazama kadi ya zamani, yaona neno "kifua kikuu", na bila makohozi kuonyesha vijidudu vyovyote yaandika tena: "kifua kikuu kimerudi."

Huenda kweli kimerudi, kwani hutokea. Lakini lipo jambo jingine. Kifua kikuu kinapopona huweza kuacha mapango ndani ya pafu, na katika mapango hayo Aspergillus hupata nyumba. Hukua polepole, pengine ikafanya donge kama tonge la ugali, nayo hula kuta za pango mpaka mishipa ya damu ipasuke. Dalili zake ni zile zile: kikohozi cha miezi mitatu na zaidi, kukonda, uchovu, na damu.

Jambo hili limechunguzwa papa hapa katika nchi zetu. Katika utafiti uliofanywa Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, watu 285 waliokuwa wamekwisha tibiwa kifua kikuu walipimwa tena. Kati yao 14 walikutwa na ugonjwa huu wa kuvu. Miongoni mwa wale ambao picha za eksirei zilionyesha mapango kifuani, wenye ugonjwa walikuwa 26 katika kila 100. Miongoni mwa wasio na mapango hawakufika hata mmoja katika kila 100. Yaani picha ya kifua na kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili za Aspergillus vyaweza kumtambua mgonjwa ambaye makohozi peke yake hayawezi kumtambulisha.

Tena kosa la jina si dogo. Dawa itumikayo sana kwa kuvu hii ni itrakonazoli, nayo humezwa miezi sita au zaidi. Dawa kubwa ya kifua kikuu ni rifampisini. Rifampisini huifanya itrakonazoli iishe nguvu mwilini haraka sana, hata isiwe na faida. Kwa hiyo mtu hawezi kupewa zote mbili kwa pamoja kwa kusema "liwalo na liwe." Hapana budi ijulikane ni ugonjwa gani, na ikiisha kujulikana iandikwe.

HERUFI MOJA NA TARAKIMU MBILI TATU

Sasa tuingie ndani ya daftari lenyewe. Duniani kote madaktari husema lugha nyingi, na ugonjwa mmoja waweza kuwa na majina kumi. Ndipo ikaonekana kwamba pafaa pawe na orodha moja ambayo kila ugonjwa umepewa alama yake ya herufi na tarakimu, nayo sasa tunaiita msimbo. Mwanzo wa orodha hiyo ni kazi ya Mfaransa Jacques Bertillon, aliyeitoa mwaka 1893 katika mkutano wa wanatakwimu mjini Chicago. Hapo kwanza ilihesabu sababu za vifo tu. Mwaka 1948 Shirika la Afya Ulimwenguni lililichukua jukumu hilo, na toleo la sita likaanza kuhesabu pia maradhi ya walio hai. Toleo la kumi lilikubaliwa mwaka 1990. La kumi na moja lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, ingawa nchi nyingi zingali zikihama polepole kutoka la kumi.

Katika toleo la kumi, magonjwa ya kuvu yamo kati ya B35 na B49. Aspergillus ni B44. Iliyo mapafuni na kupenya nyama ya pafu kwa ukali ni B44.0, na nyingine za mapafuni, pamoja na ile ya mapango tuliyoitaja, ni B44.1. Histoplasma ni B39. Cryptococcus ya mapafuni ni B45.0, na ikifika ubongoni ni B45.1.

Hapa pana mtego ambao makarani wapya hunaswa. Orodha inayo sura nzima ya magonjwa ya njia ya hewa, ianzayo na herufi J. Karani aonaye neno "mapafu" hukimbilia huko, akafika J18.9, yaani nimonia isiyotajwa sababu. Lakini kanuni ya orodha ni kwamba ugonjwa wa kuambukiza hupangwa kwanza kwa kile kilichouleta, si kwa kiungo kilichougua. Nimonia ya kuvu iliyoandikwa J18.9 imezikwa katika kaburi la pamoja. Hakuna atakayejua kwamba ilikuwa ya kuvu.

Kadhalika kifua kikuu kilichothibitishwa kwa darubini au maabara ni A15, na kisichothibitishwa ni A16. Yule askari wa mfano wetu, kama ameandikwa A16 mara mbili mfululizo na hali haiponi, alama hiyo yenyewe yapaswa kumshtua mkaguzi. Akiisha kupimwa na kuonekana ana kuvu, uandishi ulio sawa ni B44.1, na kando yake B90.9, alama ya masalio ya kifua kikuu cha zamani. Kwa alama mbili tu, daktari wa kituo kingine, hata asiyemjua mgonjwa, amesoma habari nzima: alikuwa na kifua kikuu, kimepona, kimeacha pango, na sasa kuvu imekaa ndani.

KARANI SI MGANGA

Karani wa takwimu hana ruhusa ya kukisia. Yeye hugeuza maneno ya daktari kuwa alama, wala haongezi la kwake. Daktari akiandika "maambukizo ya kifua" na kuweka sahihi, karani hawezi kuandika kuvu hata kama amesikia wauguzi wakinong'ona. Kwa hiyo lawama ya daftari bovu mara nyingi si ya karani, bali ya aliyeandika kwa haraka mwandiko kama nyayo za kuku.

Daktari au mganga msaidizi atakiwa aandike mambo manne: ni kuvu ya aina gani, iko wapi mwilini, imejulikana kwa kipimo gani, na mgonjwa ana udhaifu gani mwingine, kama vile UKIMWI, kisukari au pango la kifua kikuu. Na kama hajajua bado, orodha haimlazimishi kubuni. Ipo alama ya dalili peke yake: kikohozi ni R05, na kukohoa damu ni R04.2. Ni heshima zaidi kuandika "akohoa damu, sababu yachunguzwa" kuliko kuandika kwa uhakika jina lisilo na ushahidi, kwani jina hilo litamfuata mgonjwa kila aendako.

Orodha yenyewe nayo hujisahihisha. Pneumocystis kwa miaka mingi ilihesabiwa katika jamii ya vijidudu viitwavyo protozoa. Mwaka 1988 uchunguzi wa chembe zake za urithi ulionyesha kuwa ni kuvu. Toleo la kumi liliiweka B59, nje kidogo ya fungu la kuvu, na marekebisho ya baadaye yakaihamishia ndani ya fungu, B48.5. Ikiwa imetokana na UKIMWI, toleo hilo huiandika B20.6.

KALAMU ILIPOFANYA KAZI YA DARUBINI

Pengine msomaji atauliza, je, makaratasi haya yamepata kumwokoa mtu? Tutoe visa vitatu, viwili vikiwa vya jeshi.

Mwaka 1944, katika kambi ya Camp Gruber huko Oklahoma, Marekani, askari waliingia katika handaki la zamani la kujikinga na tufani. Baadaye waliugua homa na vifua. Madaktari hawakuujua ugonjwa huo, wala hawakuupachika jina la uongo. Waliandika waliyoyaona, wakayachapisha miaka michache baadaye kama ugonjwa wa mapafu usio wa kawaida. Kwa sababu habari zilikuwa kamili, waliokuja nyuma waliweza kuzisoma na kutambua kwamba ilikuwa Histoplasma.

Wakati wa vita ile ile ya dunia, katika bonde la San Joaquin, California, vumbi la viwanja vya ndege vya jeshi lilikuwa likiwaangusha askari kwa kuvu nyingine iitwayo Coccidioides, ambayo alama yake leo ni B38. Daktari Charles E. Smith alihakikisha kwamba askari wanapimwa kwa sindano ya ngozi wanapofika, kisha wanapimwa tena baada ya muda, na majibu yote yanawekwa. Daftari likaonyesha vumbi ndilo adui. Nyasi zikapandwa, barabara zikawekwa lami, na maambukizo yakapungua sana. Hakuna dawa iliyokuwapo wakati huo. Ilikuwa ni hesabu tu.

Cha tatu chatoka Atlanta, Marekani, mwaka 1981. Bibi Sandra Ford alikuwa mtumishi wa kawaida katika idara ya serikali iliyotoa dawa adimu iitwayo pentamidini, ya kutibu Pneumocystis. Akaona maombi ya dawa hiyo yanazidi, tena kwa vijana ambao sababu ya udhaifu wao haikuelezwa kwenye fomu. Akawaandikia wakubwa wake. Tarehe 5 Juni mwaka huo, taarifa ya kwanza kuhusu vijana watano wa Los Angeles ilichapishwa, nayo ndiyo iliyoufungulia ulimwengu habari za maradhi tuyaitayo leo UKIMWI. Hakuwa daktari, alikuwa mtu aliyesoma fomu zake kwa makini.

KISICHOHESABIWA HAKINUNULIWI

Kila mwezi zahanati hujumlisha daftari lake na kupeleka hesabu wilayani, na wilaya hupeleka wizarani. Magonjwa yenye mstari wake katika fomu huonekana, yasiyo na mstari huangukia katika "mengineyo." Wizara inapopanga fedha za dawa hutazama hesabu hizo. Ikiwa wagonjwa wote wa kuvu wameandikwa kifua kikuu au nimonia, itakayoagizwa ni dawa ya kifua kikuu na ya nimonia. Siku mgonjwa wa kuvu atakapotambuliwa, ataambiwa dawa yake haipo, kwa kuwa kwa mujibu wa daftari wagonjwa kama yeye hawapo.

Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu 19 zinazohitaji kuangaliwa kwa haraka. Aspergillus fumigatus na Cryptococcus neoformans ziliwekwa katika daraja la hatari zaidi, na Histoplasma katika daraja linalofuata. Shirika lilitaja wazi kwamba takwimu za magonjwa haya ni haba. Takwimu hizo hazitoki mbinguni. Zatoka katika kalamu ya zahanati kama ile ya kambi yako.

Hata kifo kina uandishi wake. Cheti cha sababu ya kifo huandikwa kwa ngazi: mstari wa kwanza ni kilichoua moja kwa moja, na chini yake kilichosababisha hicho, mpaka kufikia chanzo. Aliyekufa kwa kutapika damu ya mapafu ataandikwa: kukohoa damu, kutokana na kuvu ya mapafu, kutokana na mapango ya kifua kikuu cha zamani. Kuandika "moyo ulisimama" si sababu, kwa maana kila afaye moyo wake husimama. Mjane atafutaye haki ya marehemu mumewe aliyeugulia kazini atasaidiwa na cheti chenye ngazi kamili; lile neno moja la mkato halitamsaidia.

YAPASAYO KUFANYWA NYUMBANI NA KAMBINI

Askari na polisi huhamishwa mara kwa mara, na kadi nyingi hupotea njiani pamoja na masanduku. Kwa hiyo tunashauri haya.

Kila familia iwe na bahasha moja ngumu ya kadi, majibu ya maabara, picha za eksirei na vyeti vya rufani. Bwana akihamishwa, bahasha itangulie kabla ya godoro. Aliyetibiwa kifua kikuu aombe aandikiwe tarehe ya kuanza na ya kumaliza dawa, majibu ya mwisho ya makohozi, na kama picha ilionyesha pango. Maneno hayo matatu yatamfaa miaka kumi baadaye.

Kikohozi kikirudi baada ya dawa kwisha, asijifiche. Mficha maradhi kilio humwumbua. Aende na bahasha, aulize kwa adabu: "Daktari, umeniandikia ugonjwa gani, na umeujua kwa kipimo gani?" Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa nidhamu. Na aseme alikofanya kazi: kama alisafisha ghala lenye popo, au alilala handakini, au alibanda nyumba ya kuku na njiwa. Mwaka 2011 wanafunzi wa biolojia waliokuwa ziarani Uganda waliingia ndani ya mti mkubwa wenye shimo na popo, na wengi wao wakaugua Histoplasma waliporudi makwao. Kilichowafichua si kipimo peke yake, bali kulinganisha habari za safari yao.

Nyumbani, mahindi, karanga na maharagwe yakaushwe vizuri kabla ya kuwekwa ghalani, na yaliyoota ukungu yasipepetwe ndani ya nyumba. Anayesafisha banda la njiwa au dari lenye popo amwagie maji kwanza ili vumbi lisipae, na afunge pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa kizito. Madirisha yafunguliwe mchana. Mwenye kinga dhaifu au mwenye pango mapafuni asipewe kazi hiyo kamwe; apewe mwenzake mwenye nguvu.

Na kwa ndugu zetu makarani, waganga wasaidizi na wauguzi wa zahanati za kambi: pale mwandiko wa daktari usiposomeka, mrudishieni aandike upya, hata kama nyota za begani mwake ni nyingi. Dakika mbili za kumsumbua mkubwa ni ndogo kuliko miezi sita ya dawa isiyo yake mgonjwa. Bunduki ikipotea ghalani watu huulizwa. Basi na pafu la askari lipewe heshima hiyo hiyo, liandikwe kwa jina lake, kwa tarehe yake, na kwa sahihi ya aliyeliona.